Mbwa wa Winifrida na Makopo ya Yogeni

Winifrida Niyomwungere hakuwahi kununua mbwa maishani mwake. Mbwa waliachwa kwake, kama watu wanavyosahau miavuli kanisani mvua ikikatika. Mzungu wa shirika anafika Kasulu, anakuta jioni za huku ni ndefu na hazina televisheni, anaokota mtoto wa mbwa nyuma ya soko, anampa jina la babu yake na kumlisha maziwa ya unga. Mkataba ukiisha anamkumbatia, analia machozi ya kweli kabisa, halafu anageuka kumtafuta mpishi. "Mama Winifrida, utaniangalizia, si ndiyo?" Gari linaondoka na vumbi lake. Mbwa anabaki kando ya sufuria, anamtazama mpishi, mpishi anamtazama mbwa, na mambo yanakuwa yamekwisha hapo.

Hivyo ndivyo alivyompata Olafu, jibwa la rangi ya ugali wa muhogo, lenye miguu ya ndama na moyo wa kifaranga, aliloachiwa na daktari wa Norwe. Hivyo ndivyo alivyompata Bibi, jike mzee mwenye sikio moja lililosimama na moja lililostaafu. Watu husema Bibi aliachwa na muuguzi wa Kiitalia. Mimi nasema muuguzi ndiye aliyeachwa na Bibi, maana siku ya kuagana Bibi hakuinua hata kichwa. Wa tatu, Njuga, alikuwa wa hapahapa: mbwa wa Kiha, mwekundu, mkia umejikunja kama mpini wa kikombe, shingoni kengele ya mti ambayo wawindaji wa huku huwavisha mbwa wao wasipotelee vichakani. Mwindaji wake alifariki, naye akafuata harufu ya jikoni. Sote tulifuata harufu hiyo hiyo.

Nasema hivyo kwa shukrani. Miaka ile ya tisini watu wengi Kigoma waliishi kwa mkono wa shirika hili na lile, na wakapewa fulana zenye nembo ili wasisahau wamshukuru nani. Mimi, karani wa stoo niliyekuwa nikihesabu mabomba na kuyakuta yamepungua, niliishi kwa mkono wa Winifrida. Hakuwa na nembo. Alikuwa na mwiko, na akikuona unapita dirishani umekunja uso aliugonga kwenye ukingo wa sufuria. "Yewe, ingia. Njaa haina ukarani."

Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, binti mdogo aliyeshika pindo la kitenge cha mama yake. Baba yake alikuwa mrina asali, na alipofika upande huu alianza kwa kutafuta miti ya kutundika mizinga kabla hajatafuta pa kujenga nyumba. Winifrida alikulia chini ya mizinga hiyo. Aliolewa Kasulu, akafiwa na mume, Mungu hakumpa mtoto, akaingia jikoni mwa wazungu kwa sababu alijua kuoka mkate kwa makaa juu na makaa chini. Shirika letu la maji lilipohamisha ofisi kutoka Kasulu kwenda Kibondo, alipanda juu ya lori la mabomba akiwa na sufuria tatu, rozari na mbwa wote. Njiani Olafu aliwatapikia walinzi wawili. Winifrida aliwashukuru walinzi kwa uvumilivu wao, na kwa kuwa aliwashukuru kwanza, wakaona haya kutukana.

Ndiyo silaha yake hiyo. Alishukuru kabla hujaamua kama utamsaidia. Wanawake wa bombani walimtania, "Winifrida, watoto wako wa miguu minne hawajambo?" Naye, ndoo kichwani, hakusimama. "Hawajambo, nawashukuru kwa kuwaulizia. Hawajaniomba sare wala kunitukania mkwe. Wenu je?"

Sasa mchezo. Mhandisi wetu alikuwa Mdenimaki mmoja mrefu mwenye jina ambalo koo za watu wa Kibondo zilijadiliana nalo zikaafikiana kuwa Yogeni. Kazi yake ilikuwa kutafuta chemchemi za kuvutia maji kwenye kambi ya wakimbizi, na kwa kazi hiyo alipewa kidude cha mkononi kinachosikiliza setilaiti na kukwambia namba za mahali uliposimama. Jumapili chemchemi zilipumzika, Yogeni hakujua kupumzika. Akachukua makopo matupu ya mafuta ya msaada, yale ambayo mafuta yake Winifrida alikuwa amekwisha kukaangia maandazi, akatia ndani filimbi, biskuti, penseli, akaenda kuyaficha porini upande wa Murungu na kuandika namba za kila mahali. Jumapili iliyofuata akampa kidude yeyote anayetaka: nenda, tafuta, ukilipata chukua kitu uache kitu.

Sisi wengine tulidhani ni ugonjwa wa upweke. Lakini Winifrida aliupenda mchezo ule kama watu wanavyopenda harusi. Misa ikiisha alivua viatu vya kanisani, akavaa raba, akawaita mbwa, akamchukua Leonidasi mlinzi amshikie kidude, wakaenda. Ukweli ni kwamba kidude kile kilikuwa kama jirani anayekuelekeza msibani: kilikufikisha karibu, kikasema ni hapo hapo tu, kisha kikakuacha unazunguka vichaka vya watu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mbwa. Makopo yalinuka mafuta ya maandazi, na kwa mbwa wa Winifrida harufu ile ilikuwa ndiyo nyumbani. Njuga alitangulia na kengele yake, Olafu alifuata akiogopa vivuli, na Bibi, aliyetembea kama mkaguzi wa shule, ndiye aliyefika mahali akakaa kitako. Bibi akikaa, kopo lipo. Winifrida alilifungua, akachukua biskuti akaivunja mara tatu, akaacha kiberiti au kitunguu, akarudi akiimba. Tulianza kubishana Jumamosi nani atafuatana naye. Hata mimi, nisiyependa kutembea pasipo sababu ya kukimbia, nilikwenda.

Mwaka tisini na nane akaja Madamu Claudine, Mbelgiji, bosi mpya. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Bukavu, na Kiswahili chake kilitoka huko na vyeti vyote. Sitamsema vibaya, maana alifanya kazi kuliko sisi wote na alikunywa chai bila sukari, jambo linalohitaji tabia. Lakini Bukavu aliwahi kuona mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa, na mtu aliyeona kitu kile hakisahau. Wiki aliyofika, habari zikaja kwamba kijijini Kumsenga mbwa mmoja ameng'ata watu na kufa akitoa povu. Madamu Claudine akaingia jikoni.

"Mama Winifrida, ile mambwa tatu. Iko na fanya kazi gani hapa?"

"Wananisaidia, Madamu. Ninakushukuru kwa kuwaulizia."

"Kusaidia kufanya nini?"

Winifrida akawatazama. Olafu alikuwa amelala chali, miguu hewani. "Wanatafuta makopo," akasema.

Madamu Claudine alivuta pumzi polepole. "Bon. Mi naongea na wewe kwa heshima. Shirika iko na sheria: nyama yoyote yenye haina kazi, hapana kaa ndani ya parsele. Siku ya Jumanne bwana mifugo anakuja na sindano. Si ya chanjo, Mama. Ile ingine."

Kwa Kiswahili cha Bukavu nyama ni mnyama na parsele ni ua wa nyumba, lakini sindano ni sindano. Hata maharage yalionekana kuacha kuchemka. Nilikuwa pale na sahani yangu, na nakumbuka nilitaka kusema kwamba Leonidasi mlinzi naye hana kazi anayoonekana akiifanya na hajapangiwa sindano, lakini nilikuwa na ugali mdomoni na Mungu akaniokoa.

Winifrida hakulia. Alifuta mikono kwenye aproni. "Madamu, nikikuonyesha kwamba wana kazi?"

"Kazi gani?"

"Jumapili hii tunatafuta makopo ya mwisho ya Yogeni kabla ya likizo yake. Nipe Jumapili hii. Wakileta hata kopo moja, ni mbwa wa kazi. Wasipoleta..." Hakumaliza. "Nitawashika mwenyewe, bwana mifugo asipate taabu."

Madamu Claudine alitafakari. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa haki, nao huwa wagumu zaidi kuliko wakatili, kwa sababu hawachoki. "Kopo moja," akasema. "Sawa."

Sisi tulicheka tulipotoka nje. Kopo moja! Bibi alikuwa akipata makopo yote na kurudi kulala kabla ya chai. Khatibu wa karakana alianza hata kutengeneza mikanda ya ngozi iliyochorwa neno KAZI.

Jumapili hiyo Winifrida alikwenda na Leonidasi tu. Sisi wengine tulikatazwa na Madamu, ili pasiwe na mkono wa binadamu kwenye ushahidi. Tulikaa kwenye kibaraza tukingoja kusikia wimbo. Jua lilikuwa limeshuka tulipowaona wakija barabarani, na hapakuwa na wimbo. Njuga alitangulia, kengele ikigonga. Olafu alibeba mkia chini. Bibi alikuwa anavutwa kwa kamba, yeye ambaye hajawahi kufungwa kamba na mtu.

"Iko wapi?" akauliza Madamu Claudine.

"Hatukupata kitu, Madamu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ninakushukuru kwa kutupa nafasi."

Leonidasi alitazama viatu vyake. Yogeni, aliyekuwa ameficha makopo manne kwa mikono yake, alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Madamu Claudine hakusherehekea. Aliweka mkono begani mwa Winifrida, akasema, "Pole, Mama. Jumanne basi," akaenda chumbani kwake. Mikanda ya KAZI ya Khatibu ilibaki juu ya meza, na hakuna aliyeigusa.

Asubuhi yake Yogeni aliingia jikoni kuomba chai. Huyu alijifunza Kiswahili kwenye kitabu, kwa hiyo alizungumza kama hakimu wa Unguja. Aliposukuma mlango alimkuta Winifrida amepiga magoti mbele ya Bibi, amemshika taya, akimwambia kwa sauti ya chini ya mama anayemfinya mtoto kanisani:

"Yaani wewe kikongwe mzima! Mara ya kwanza nikasema labda amechoka. Nikakuvuta. Ukaenda tena ukakaa kwenye mali ya mtu mwingine! Mara nne! Umenitia aibu mbele ya Leonidasi, sikukufunza wizi mimi. Na kesho... Mana yanje, Mungu wangu, na kesho itakuwaje?" Hapo akaweka paji la uso kwenye kichwa cha mbwa.

Yogeni akakaribia. "Samahani, Mama. Bibi aliketi mara nne?"

"Mara nne, mwanangu. Kwenye vitu vya watu."

"Vitu gani hivyo?"

"Mizinga, nadhani. Sikuangalia. Mtu akikuta nyuki wanaingia mahali, au akiweka mzinga wake, anafunga majani hapo chini, fundo moja hivi." Alishika nyasi zisizokuwepo akazifunga hewani. "Ukiona fundo, ujue pana mwenyewe. Hugusi, hufunui, unapita mbali. Hata mtoto anajua. Baba yangu angenitoa ngozi. Leonidasi naye aliona, akasema hapo si petu, tukageuza."

Yogeni alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye gunia la mchele. "Mama," akasema, "nyasi zimekuwa ndefu mwezi huu. Nilihofia nitashindwa kuyaona makopo mimi mwenyewe. Kwa hiyo kando ya kila kopo nilifunga fundo la nyasi. Ili kuwasaidia."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na sikutakiwa kuyasikia hayo.

"Wewe ndiye uliyefunga?" akauliza Winifrida.

"Mimi."

"Yote manne?"

"Yote manne."

Winifrida akamgeukia Bibi na kumwomba radhi kwa Kirundi kirefu ambacho sikukifuata chote, ila neno la mwisho lilikuwa urakoze, yaani asante.

Madamu Claudine alielezwa kwenye meza ya chai, watu watatu wakisema kwa pamoja katika Kiswahili cha aina tatu. Alisikiliza. "Kwa hiyo mambwa ilipata makopo, na Mama aliacha makopo kwa sababu ya adabu?"

"Ndiyo hasa," akasema Yogeni.

"Na mi namna gani najua ile fundo ilikuwa ya wewe, si ya mwenye mizinga? Mi nilisema kopo. Hadisi si kopo." Akaweka kikombe chini. "Bon. Tuende. Sasa hivi. Mama akifungua na kopo ikatoka, mambwa inabaki."

"Sitafungua," akasema Winifrida.

"Namna gani?"

"Madamu, nisamehe. Fundo sikulifunga mimi. Yogeni alifunga, Yogeni atafungua."

Nilimtazama kama ninyi mnavyomtazama sasa. Maisha ya mbwa wake yamesimama kwenye kijifundo cha nyasi, na yeye anauliza mwenye fundo ni nani. Lakini ndivyo alivyolelewa, na hata Madamu Claudine, mtu wa sheria, alionekana kutambua sheria anapokutana nayo.

Tukaenda na gari hadi njia ilipoishia, halafu kwa miguu. Madamu mbele na kofia yake, Yogeni na kidude, Leonidasi na panga la kukatia matawi, mimi na betri za akiba, Winifrida na rozari mkononi, na mbwa watatu ambao hawakujua kwamba wanakwenda mahakamani. Kidude kilifikiri, kikatoa namba, kikasema ni hapo hapo tu. Bibi akanusa upepo. Akatembea kwa ukaguzi wake hadi chini ya mninga mmoja, akasita, akazungukazunguka, halafu akaendelea mbele kidogo.

Lakini Yogeni alikuwa amekwisha kuona fundo chini ya mninga. "Hili ni langu!" akapiga kelele kwa furaha ya mtu aliyeokoa roho tatu. "Mama, tazama, nalifungua!" Akapiga magoti, akafungua fundo, akafunua magome yaliyolazwa pale chini, akaingiza mkono.

Ndani mlikuwa na mzinga mpya, uliolazwa kungoja kutundikwa, na nyuki walikuwa wamekwisha kuhamia bila kungoja.

Sitaeleza yaliyofuata kwa heshima ya wahusika, hasa mimi. Nitasema tu kwamba mbwa walikimbia wa kwanza, na kama kuna aliyekuwa na shaka kuhusu akili zao, shaka ile iliisha hapo. Madamu Claudine alikimbia vizuri kwa umri wake huku akisema maneno ya Kifaransa ambayo nina hakika hayamo katika kamusi za shule. Yogeni alivamia mto mdogo na kulala humo. Leonidasi alipanda mti, akakuta nyuki huko nako, akashuka upesi kuliko alivyopanda. Winifrida peke yake aliondoka kwa mwendo wa kawaida, kitenge kimefunika kichwa, akisema, "Tumekosa, tumekosa, tusameheni, tunaondoka." Alidungwa mara chache tu. Nadhani hata nyuki huona haya kumuuma mtu anayewaomba radhi.

Tulipokusanyika tena, jicho moja la Yogeni lilikuwa limefungwa na mdomo wa juu wa Madamu Claudine ulikuwa umevimba ukawa kama andazi.

"Imeisha," akasema, maneno yakitoka kwa shida. "Ile Jumanne inabaki Jumanne."

Winifrida hakubishana. Aliita mbwa. Olafu akaja, Njuga akaja. Bibi hakuja. Akaita tena. Tukamsikia Njuga akirudi nyuma na kengele yake, ikagonga, ikanyamaza. Tukafuata, mbali na mninga, tukizunguka. Bibi alikuwa amekaa kitako penye nyasi ndefu, pua imevimba upande mmoja, nyuki aliyekufa bado amening'inia kwenye sikio lililostaafu. Hakutikisika. Mbele yake palikuwa na fundo jingine la nyasi.

"Hili ndilo langu," akasema Yogeni. Lakini alisimama mbali aliposema, na hakusogea.

"Fungua basi," akasema Leonidasi.

"Ninadhani ni langu."

"Asubuhi umesema umefunga mwenyewe!"

"Hata lile lingine nilidhani ni langu!"

"Bwana mkubwa, mimi nina watoto. Wewe una bima."

Winifrida alisimama, mikono imeshika rozari. Angeweza kuinama tu. Kidole kimoja kingetosha. Alimtazama Bibi, akalitazama fundo, midomo ikatembea. Hakuinama.

Madamu Claudine alimtazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda aliona mtu ambaye hawezi kufanya hila hata kwa ajili ya anachokipenda, na yeye aliyekagua maghala yetu alijua mtu wa namna hiyo ni adimu. Akavua kofia. "Yogeni, unanipa ruhusa ya kufungua fundo yako?"

"Nakupa, ikiwa ni langu."

"Kama si ya yeye," akasema Madamu, "mdomo yangu haiwezi kuvimba kupita hapa." Akapiga magoti karibu na Bibi, bega kwa bega, akafungua. Akafunua nyasi. Tukasikia kucha zake zikigonga bati.

Kopo.

Alilitoa, akalifuta udongo, akalifungua. Filimbi, penseli, biskuti tatu. Alikaa hapo chini akilitazama kama mtu aliyeletewa barua kutoka kwao. Kisha akampa Bibi biskuti, akakumbuka, akatafuta ya Olafu na ya Njuga. "Mama Winifrida," akasema kwa mdomo ule, "bwana mifugo akikuja kesho, tutamwambia alete ile ya chanjo. Na hii mikanda yenye Khatibu alitengeneza, mi nataka kuiona shingoni."

Winifrida alipiga magoti pale pale. Alimshika Madamu mikono miwili na kumshukuru kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kisha kwa Kilatini cha misa kwa kuwa vingine viliisha. Halafu akainuka, akafuta macho na kitenge. "Sasa twende kwa mwenye mzinga," akasema.

"Mwenye mzinga gani?" akauliza Yogeni.

"Tumemfungulia mtu fundo lake, mwanangu. Tunarudije nyumbani?"

Kwa hiyo hatukurudi nyumbani. Leonidasi aliulizia, tukaelekezwa kwa mzee Tharsisi, mfugaji nyuki wa pale Murungu. Njiani Winifrida alimwagiza Leonidasi apate mtungi wa pombe ya ndizi kwa shemeji yake, maana huku hukiri kosa la namna ile mikono mitupu. Tharsisi alikuwa ameketi nje akichonga mzinga mwingine. Aliwatazama wageni wake mmoja mmoja: Mdenimaki mwenye jicho moja, Mbelgiji mwenye mdomo wa andazi, mlinzi aliyechubuka magoti, mama mwenye rozari, mimi, na mbwa watatu.

"Mwiriwe," akatusalimu. "Naona mmekwisha kuonana na nyuki wangu."

Winifrida alieleza yote, kuanzia makopo hadi Jumanne. Hakuficha kwamba mbwa ni wake na shida ilikuwa yake. Tharsisi alicheka kwanza kidogo, kisha akaweka chini tezo ili acheke vizuri. "Yaani wewe uliona fundo, kesho mbwa wako wanakufa, na hukugusa?"

"Halikuwa langu, mzee."

"Binti ya nani wewe?"

Alitaja jina la baba yake. Tharsisi alikuwa amemjua. Waliwahi kutundika mizinga msitu mmoja. Aliingia ndani akatoka na viti vyote alivyokuwa navyo, na cha mgongo akampa Winifrida, si Madamu. Mtungi ukawekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, msamaha ukawa umepokelewa, maana huwezi kunywa na mtu na kuendelea kumdai.

Jua lilikuwa limeshuka vilimani. Winifrida alivuta kidogo, akamshukuru Tharsisi kwa msamaha, Madamu kwa magoti yake, Yogeni kwa kusema kweli, Leonidasi kwa pombe, nyuki kwa kutouma zaidi, na mimi kwa kubeba betri ambazo hazikutumika. Mbwa walikuwa wamelala miguuni mwake wote watatu, na hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Madamu Claudine alishika mrija wake. Mdomo haukukubali. Akajaribu kwa pembeni, pombe ikateremka kidevuni, ikadondoka kwenye buti lake. Bibi akafungua jicho, akajivuta mbele, akaanza kulilamba buti bila haraka. Madamu Claudine alimtazama, akasogeza mguu karibu zaidi ili afike vizuri, akajaribu mrija tena.